Chuma cha Pua Ufuoni mwa Tanganyika

Katika darasa letu la jioni mjini Rumonge tulikuwa tukisoma fungu la habari lililotaja "kisu cha chuma cha pua". Mwanafunzi mmoja, mwuza dagaa ambaye lugha ya mama yake ni Kirundi, aliinua mkono, akaigusa pua yake mwenyewe kwa kidole, akauliza: "Mwalimu, chuma nacho kina pua?" Darasa zima liliangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini kicheko kilipokwisha tuliona kwamba swali bado limekaa mbele yetu. Tulimjibu kwamba pua hii ni neno jingine lenye sauti moja na ile ya usoni. Jibu hilo halikumtosheleza yeye, wala halikututosheleza sisi. Alitaka kujua pua yenyewe ni kitu gani na imetoka wapi. "Ni kitu cha Wazungu?" aliongeza. Makala haya ni jibu ambalo tungalimpa jioni ile lau tungalikuwa nalo.

Tuanze na neno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Pua ni chuma kigumu kinachokubali makali na kuyatunza. Kiswahili husema "kutia pua", yaani kuungamanisha kipande cha chuma kigumu na mdomo wa shoka au jembe lililofuliwa kwa chuma laini. Hilo ni fungu la maneno la mafundi, na ndani yake mna elimu nzima: aliyelisema kwanza alijua kwamba chuma si kimoja, tena alijua kuvigandisha vyuma viwili kwa moto na nyundo. Kando ya pua kuna feleji, jina la chuma bora zaidi, lililozoeleka sana katika habari za panga. Siku hizi wauzaji wa masufuria na vijiko huliweka jina la chuma cha pua juu ya kile kisichoshika kutu, na maana ya kwanza imeanza kufichika. Hatuwalaumu, maana biashara nayo hukuza lugha. Hata hivyo mwalimu anayefundisha maana ya pili tu atapata taabu atakaposoma na wanafunzi wake habari za kale, ambamo pua hushika kutu kama chuma kingine chochote ikiachwa bila mafuta.

Kwa upande wa elimu ya madini, jambo lenyewe si gumu kulieleza. Chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, ile ile iliyomo katika makaa, hugeuka tabia. Kikiwa karibu hakina kaboni ni laini, na kisu chake hupinda. Kikiwa nayo kama sehemu 6 katika 1000, tayari ni pua njema; kikifika sehemu 12 katika 1000 ni pua kali ya kutengenezea tupa. Kaboni ikizidi mno, chuma hakifuliki tena, bali huvunjika chini ya nyundo. Basi tofauti kati ya jembe linalopinda na kisu kinachonyoa ni chembe za makaa zisizoonekana kwa macho.

Sasa tuje kwenye swali la Wazungu. Vitabu vingi tulivyosomeshwa vilisema kwamba Waafrika walijua kuyeyusha mtapo na kupata chuma laini tu, na kwamba pua ililetwa na misafara kutoka pwani na baadaye na meli kutoka Ulaya. Maneno hayo yameandikwa mara nyingi hata yakaonekana kuwa kweli, lakini hayasimami. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wahaya magharibi mwa Ziwa Viktoria, wazee waliofanya kazi hiyo ujanani mwao waliombwa katika miaka ya 1970 wajenge tena tanuru la kale, ingawa kazi ilikuwa imekoma kwa miaka mingi. Walichimba shimo, wakachoma majani ya kinamasi ndani yake hata yakawa makaa, wakajenga ukuta juu yake, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani kabisa ya moto, wakaanza kuvukuta. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza matokeo yake katika jarida la Science: tanuru lilikuwa limetoa pua, na mabaki ya matanuru ya namna hiyo katika eneo lile yalikadiriwa kuwa na umri wa miaka 1500 hadi 2000. Walidai pia kwamba hewa ilipata joto kabla ya kutoka mirijani, na kwamba ufundi huo uliitangulia Ulaya. Juu ya dai hili la hewa wataalamu wengine wamebishana nao sana, na sisi hatuoni lazima ya kulishikilia. Pua ilipatikana. Hilo latosha.

Burundi nayo ina haki yake katika habari hii. Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake, waliochunguza matanuru ya kale ya Rwanda na Burundi, walichapisha kazi yao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makaa waliyoyapima kutoka mahali kama Mubuga na Rwiyange yalitoa tarehe za zamani mno, baadhi yake zikipita miaka 500 kabla ya Kristo. Tarehe hizo zina wapinzani wao, na hoja yao ni ya busara: mti mkubwa ukiwa na umri wa miaka mia kadhaa, makaa ya kiini chake hutoa umri wa mti wala si umri wa moto. Lakini hata anayepunguza karne kadhaa atabaki na wahunzi waliofanya kazi katika vilima hivi zamani sana, kabla mtu yeyote wa pwani hajafika ziwani. Na lugha yashuhudia. Kirundi kina umucuzi, yaani mhunzi, na tendo lake gucura, kufua chuma. Kina ubutare, chuma chenyewe. Kina inyundo, ambayo hakuna Mswahili atakayehitaji kutafsiriwa. Nyundo katika nchi hizi ilikuwa zaidi ya chombo cha kazi. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa mwaka 1969, nyundo za chuma zilikutwa zimewekwa pamoja naye, penye kichwa chake.

Kusini, ufuoni mwa ziwa hili hili, Wafipa walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu, yaliyojivutia hewa yenyewe pasipo mivukuto. Kilichotoka humo walikitia tena katika tanuru dogo ili kukitakasa. Tunawataja kwa sababu tanuru lao dogo latufunulia jambo ambalo wasiofua chuma hawalijui: chuma kitokacho katika mtapo kwa njia ya kale hakitoki kikiwa cha namna moja. Hutoka bonge lenye matundu, nusu chuma na nusu mavi ya chuma; na katika bonge hilo hilo upande uliokaa karibu na makaa huwa pua, na upande uliopigwa na hewa huwa chuma laini. Mhunzi hulivunja, huchambua vipande kwa kuvitazama na kuvigonga, kisha huvipanga, huvigandisha, huvikunja na kuvigandisha tena. Kwa hiyo jembe la kale lenye umbo la moyo na mkia wa kupenya mpini, kama yale yaliyopita mkono kwa mkono katika masoko ya Maziwa Makuu, lilikuwa ni tabaka juu ya tabaka za vyuma visivyofanana. Fundi hakukusudia pambo lolote. Alifanya hivyo kwa kuwa mtapo haukumpa njia nyingine.

Mafundi wa nchi nyingine waliigeuza haja hiyo kuwa pambo. Wafaranka na watu wa kaskazini mwa Ulaya walisokota fito za vyuma mbalimbali na kuzigandisha, hata mawimbi yakaonekana juu ya panga zao. Wajava walifanya hivyo katika keris. Waarabu na Waajemi walikuwa na pua nyingine, iliyoyeyushwa ndani ya chungu kilichofunikwa, nayo pia ilitoa mawimbi, ila kwa sababu ya namna ilivyopoa wala si kwa kukunjwa. Mawimbi hayo waliyaita jauhar, neno lile lile lililokuja kwetu kama johari. Al-Kindi aliandika juu ya aina za panga katika karne ya 9. Naye al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, alisema kwamba chuma cha pwani yetu kilipelekwa Bara Hindi, na kwamba Wahindi walikithamini kwa kufulia panga. Laiti yule mwuza dagaa angalikuwapo hapo kumuuliza ni nani aliyekuwa akimletea mwenziwe chuma!

Turudi ziwani. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira, mkabala wa ncha ya kaskazini ya ufuo wetu, mwezi wa Aprili 1858, Burton aliandika kwamba mahali pale palikuwa bohari kubwa ya kaskazini, na katika bidhaa zake alitaja watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Yapasa kuisoma orodha hiyo pole pole. Vyombo vya chuma vilikuwa vikisafiri kwa mitumbwi pamoja na binadamu waliofungwa, na hatuwezi kuusifu ufundi wa upande mmoja tukaufumbia macho upande wa pili. Rumonge yetu ilizaliwa upya katika biashara ile. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walikaa hapa mwaka 1879, na watatu miongoni mwao waliuawa mwaka 1881. Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuishika nchi ya Mwezi Gisabo asifaulu. Waliobaki ni watu wa makabila mengi wenye lugha moja, nayo ndiyo hii tunayoifundisha.

Kilichoua matanuru hakikuwa vita. Kwanza Wajerumani, kisha Wabelgiji walioichukua nchi mwaka 1916, walileta barabara na maduka, na madukani mlikuwa na majembe ya kiwandani. Kuyeyusha mtapo kulidai misitu ya makaa, siku nyingi za kazi na miiko mingi; jembe la duka lilidai fedha tu. Mhunzi aliacha tanuru, lakini hakuacha nyundo. Magari yalipokuja na kuvunjika, alipata mtapo mpya: springi. Leo atakayepita Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, atasikia nyundo katikati ya gereji. Katika masoko ya ufuoni panga na visu vya springi vimelala kando ya vile vya dukani.

Ni kwa mmoja wa mafundi hao wa ufuoni tuliyekwenda na swali letu. Tulichukua tupa kuukuu na kipande cha springi ya lori, tukamwomba atufulie kisu kimoja kwa vyuma vyote viwili, ili tukionyeshe darasani maana ya kutia pua. "Mwalimu," alisema akiigeuza tupa mkononi, "hivi ni ndugu wasioelewana." Hata hivyo alikubali. Alisugua kutu, akavipanga vipande kwa zamu, springi, tupa, springi, akavitia motoni. Moto wake huvukutwa kwa gurudumu la baiskeli linalozungusha feni. Vilipokuwa vyeupe kukaribia manjano alinyunyiza mchanga safi wa ziwani ili kuyeyusha magamba ya chuma. Wasonara hutumia tinkali kwa kazi iyo hiyo. Kisha alipiga, kwa upole kwanza, kwa nguvu baadaye. Tupa ikizidi moto kidogo hutoa cheche na kuungua, hivyo hakuondoa macho motoni hata tulipomsemesha. Alikata, akakunja, akarudia.

Kisu kilipopata umbo, tulikuwa na haraka. Jua lilikuwa linashuka, na tulikuwa na darasa. Tulimwuliza kwa nini asikizamishe majini amalize. Alitutazama, akasema maji si ya chuma hiki. Sisi, kwa ujuzi wa vitabuni, tukamwambia kwamba tupa hukazwa kwa maji. Ni kweli hukazwa kwa maji. Alifanya kama tulivyotaka. Chuma kilinguruma, halafu tukasikia mlio mdogo mkavu, ti! Alipokitoa, ufa mwembamba ulikuwa umetembea kati ya tabaka mbili, kutoka mgongoni hadi karibu na makali. Hakutulaumu. Alikitupa kwenye lundo la vyuma chakavu, akasema tuje kesho.

Kosa letu lafaa kuelezwa, maana ndani yake mna kiini cha ufundi huu wote. Pua haiwi ngumu kwa sababu ya kufuliwa. Huwa ngumu kwa kupashwa moto hadi hali yake ya ndani igeuke, kisha kupozwa ghafula kabla haijapata nafasi ya kurudi. Lakini kila pua ina saa yake. Tupa, iliyo chuma na kaboni na karibu si zaidi, lazima ipozwe upesi sana, ndiyo maana hutakiwa maji. Springi ina manganizi, na mara nyingi kromiamu au silikoni, ambazo huifanya igeuke polepole, na mafuta huitosha. Tena pua inapokazika hutanuka kidogo. Basi vyuma viwili vilivyogandishwa vikitiwa majini, kimoja hutanuka wakati mwenzake bado, na mahali pa kuungana pakawa mahali pa kugombana. Kadhalika katika kupasha: joto linalotosha kwa moja huweza kuzidi kwa nyingine, na joto likizidi, punje za chuma hukua zikawa kama chumvi ya mawe, na kisu huvunjika kama kigae.

Kwa jozi ya tupa na springi tofauti hiyo ni ndogo, na moto wenyewe husaidia: katika joto la kugandishia, kaboni huhama kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, hata tabaka nyembamba zikakaribia kulingana. Kinachobaki ni manganizi na kromiamu, ambazo hazihami upesi. Lakini ziko pua za vifaa vya viwandani ambazo hazipatanishwi hivyo. Kuna pua yenye kromiamu kama sehemu 12 katika 100, itumikayo kukatia bati, inayotaka kupashwa hadi digrii 1000 na zaidi na kupozwa kwa hewa tu. Na kuna pua ya mafuta inayokazika kwenye digrii 800. Anayezigandisha hizo mbili atalazimika kuidhulumu moja. Mafundi wa visu wa Ulaya na Marekani, walioufufua ufundi wa mawimbi katika miaka ya 1970, walijifunza kuchagua kwanza vyuma vinavyokubali moto mmoja, ndipo wafikirie mapambo. Wengi hutumia pua ya kaboni pamoja na ile ya misumeno yenye nikeli, kwa sababu zote mbili hukazika karibu na digrii 800 katika mafuta, na nikeli hubaki ikimetameta baada ya kuoshwa kwa tindikali. Fundi wetu hana kipimo cha digrii, lakini alikuwa ameshalisema jambo lile lile kwa maneno manne.

Kesho yake tulinyamaza. Alifua kisu kingine, akakiacha kipoe chenyewe majivuni, akakipasha tena na kukiacha tena, ili kuondoa uchovu wa nyundo. Kazi ya kukikaza aliingojea hadi magharibi, maana juani rangi ya moto hudanganya. Alikuwa na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu, akaigusisha kisu mara kwa mara. Chuma kikifika kama digrii 770 sumaku hukiacha. Ilipokiacha, alikipa moto kidogo zaidi, akakitumbukiza, makali yakitangulia, katika mkebe wa mawese ya Rumonge aliyoyapasha kwanza hata yakawa mepesi. Hapakuwa na ngurumo, ila moshi na harufu ya jikoni. Alijaribu makali kwa tupa nzima, tupa iliteleza. Hapo kisu kilikuwa kigumu kama kioo, tena cha kuvunjika kama kioo. Alisugua ubavu mmoja ukang'aa, akakilaza mgongo juu ya chuma chekundu, tukatazama rangi zikitembea: manjano ya nyasi kavu, kisha hudhurungi. Kabla ya zambarau kufika makalini alikizima. Mgongo ulikuwa umeshageuka buluu, yaani umelegea kiasi cha kustahimili pigo, na makali yalibaki makali.

Tulikipaka maji ya ndimu usiku ule, na asubuhi mistari hafifu ilionekana, yenye kupinda kama maji ya ziwa yaliyoguswa na upepo wa asubuhi. Tulikipeleka darasani. Yule mwuza dagaa alikishika, akakigeuza kwenye taa, akapitisha kidole juu ya mistari. Tulimweleza habari zote, kutoka Mubuga hadi mawese. Alisikiliza vizuri, akauliza bei yake. Tulipomwambia, alikirudisha mezani kwa adabu, akasema kwa fedha hiyo yeye atanunua vitatu vya dukani.